Wakazi Wasiposikia, Kikao Hakijafanyika

Hii ni hotuba iliyotolewa na afisa wa habari wa kaunti mbele ya wawakilishi wa makundi ya wakazi, vikundi vya vijana, wahudumu wa makanisa na misikiti, na waendeshaji wa vyombo vya sauti mtaani Umoja. Imehaririwa kidogo ili isomeke vizuri kwenye karatasi.

Naona vijana wa vyombo wameketi mbele, na hilo limenifurahisha, kwa sababu mazungumzo ya leo ni yao kwanza, halafu ni yetu sote.

Nimeombwa nizungumze kuhusu jambo linaloonekana dogo: jinsi ya kuunganisha amplifaya ya mkutano na simu, laptopu au kifaa kingine cha kuchezea sauti. Wengine wenu mtasema hiyo ni kazi ya fundi. Ni kweli. Lakini kabla hatujafika kwenye nyaya, naomba niwaeleze kwa nini ofisi ya habari ya kaunti inajishughulisha na waya unaotosha mfukoni.

Waya na haki ya mkazi

Katiba yetu ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 35, inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Kifungu cha 196 kinalitaka bunge la kaunti lirahisishe ushiriki wa umma katika kazi zake. Kifungu cha 201 kinasema mambo ya fedha za umma yaendeshwe kwa uwazi na uwajibikaji, wananchi wakishirikishwa. Hayo si mapambo. Aprili 2014, Mahakama Kuu ilibatilisha Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu ya mwaka 2013, katika kesi iliyowasilishwa na Robert Gakuru na wenzake, kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Mahakama ilitaka kaunti zitumie njia nyingi za kuwafikia watu: makanisa, misikiti, mahekalu, mabaraza na redio. Tangu hapo, kila kaunti inajua kwamba kuita watu na kuwaketisha kwenye viti hakutoshi. Lazima waelewe wanachoulizwa.

Na mtu hawezi kuelewa asichokisikia.

Niliwahi kuhudhuria kikao mahali ambapo sitapataja. Video ya dakika kumi hivi ilionyeshwa kueleza miradi iliyopendekezwa. Picha ilionekana vizuri ukutani. Muziki wa video ulisikika hadi nje ya lango. Lakini sauti ya msimulizi haikuwepo. Watu walitazama picha za mitaro na taa za barabarani, wakasubiri maelezo. Fundi alipandisha sauti, muziki ukazidi, msimulizi bado hayupo. Mwishowe karatasi ya mahudhurio ikapitishwa, watu wakatia sahihi, wakaenda nyumbani. Kwenye kumbukumbu za kikao ikaandikwa kwamba wakazi walielezwa miradi. Hawakuelezwa. Walipigiwa muziki.

Hasara ya waya mbaya ni hiyo. Sahihi ya mkazi inakuwa ushahidi wa jambo ambalo halikutendeka. Mtaro ukichimbwa upande usiofaa, mkilalamika, mtaonyeshwa karatasi yenye majina yenu. Ndiyo maana nataka tuondoke hapa kila mmoja akijua angalau mambo matano au sita kuhusu vyombo hivi, hata kama hutawahi kushika waya.

Jua ulicho nacho

Vyombo vinavyotumika katika mikutano yetu ni vya namna tatu. Kuna amplifaya ya mezani yenye matundu ya maiki mbele na spika za honi, ile tunayoiona misikitini, shuleni na juu ya magari ya matangazo. Kuna miksa yenye vitufe vingi, ikiunganishwa na spika kubwa ambazo amplifaya imo ndani yake. Halafu kuna spika ya magurudumu yenye betri, inayokuja na maiki yake, sehemu ya flashi na Bluetooth. Wengi wa vikundi vya Umoja wanatumia hii ya tatu kwa sababu stima ikipotea inaendelea kufanya kazi.

Kanuni ya kwanza ni moja kwa zote tatu: simu au laptopu huingia kwenye tundu lililoandikwa AUX au LINE. Haiingii kwenye tundu lililoandikwa MIC.

Sababu yake ni hii. Maiki hutoa umeme mdogo sana, sehemu chache tu za elfu moja za volti. Kwa hiyo tundu la maiki limetengenezwa kukuza kitu kidogo mno hadi kiwe kikubwa. Simu ikifunguliwa sauti hadi mwisho inaweza kutoa karibu nusu volti hadi volti moja. Hiyo ni mara mamia ya ile ya maiki. Ukiiingiza kwenye MIC, ni kama kumwaga mtungi wa lita 20 kwenye kikombe cha chai. Sauti inafurika, inakwaruza, inapasuka, na mkazi wa safu ya nne hashiki hata neno moja. Kupunguza kitufe cha sauti cha amplifaya hakusaidii sana, kwa maana mara nyingi sauti huwa imeshaharibika kabla ya kufika kwenye kitufe hicho.

Waya unaohitajika ni rahisi. Upande mmoja una pini ndogo ya milimita 3.5, ile ya visikizi vya simu. Upande wa pili una plagi mbili za RCA: nyekundu ni upande wa kulia, nyeupe ni upande wa kushoto. Pini inaingia kwenye simu, plagi mbili zinaingia kwenye AUX au LINE. Kama simu yako haina tundu la visikizi, tafuta kiunganishi kidogo kinachotoka kwenye tundu la chaji. Maduka ya Luthuli Avenue yanauza nyaya hizi, na hata mafundi wa simu wa hapa mtaani wanazo. Nunua mbili. Waya wa pili ndio utakaokuokoa siku ambayo wa kwanza umekatika ndani bila kuonekana.

Kwa nini msimulizi alipotea

Sasa turudi kwa yule msimulizi aliyepotea, kwa sababu tatizo lake hutokea mara nyingi na watu hulaumu video.

Angalieni pini ya simu. Ina pete mbili au tatu nyeusi zinazoigawa. Sehemu moja inabeba sauti ya kushoto, nyingine ya kulia, nyingine ni ya pamoja. Sasa angalieni tundu la duara la maiki, lile lenye mashimo matatu. Hilo halikutengenezwa kwa kushoto na kulia. Linapokea sauti ileile kwa njia mbili zilizo kinyume, kisha linatoa moja kutoka kwa nyingine, ili kelele zilizoingia njiani zifutike. Kwa maiki, huo ni ujanja mzuri sana.

Lakini ukitengeneza waya wa kutoka kwenye simu hadi kwenye tundu hilo, amplifaya inachukua kushoto na kutoa kulia. Msimulizi wa video huwekwa katikati, maana yake sauti yake ni sawa pande zote mbili. Tano ukitoa tano ni sufuri. Muziki haufutiki wote, kwa sababu ala zake zimetawanywa, nyingine kushoto zaidi, nyingine kulia zaidi. Ndiyo maana mnasikia muziki bila maneno. Jambo hilohilo hutokea ukitumia jeki kubwa ya njia tatu kwenye tundu la miksa linalopokea sauti kwa mtindo huo.

Kwa hiyo shikeni alama hii: ukisikia muziki vizuri lakini sauti ya mtu imepotea au inasikika kama imo ndani ya pipa, usipandishe sauti. Badilisha waya. Tumia ule wa plagi mbili, kila moja kwenye tundu lake. Kama miksa haina nafasi nyingine ila ya maiki, tumia kisanduku cha DI, ambacho kazi yake ni kugeuza sauti ya simu iwe ya kufaa tundu la maiki. Na kama kuna kitufe kilichoandikwa 48V, hakikisha kimezimwa. Kitufe hicho hupeleka umeme kwenye maiki za aina fulani, na umeme huo unaweza kuiharibu simu.

Kuna kasoro ya pili inayofanana na hiyo. Spika yako inapokea upande mmoja tu, na maneno muhimu yako upande wa pili. Hapa nenda kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya ufikivu, uchague sauti ya mono. Pande zote mbili zitachanganywa na hakuna kitakachopotea. Lakini kumbukeni, mono haitibu lile tatizo la kwanza. Italizidisha.

Utaratibu wa kuwasha na kuzima

Ule mlio mkubwa wa "pu!" unaosikika mtu anapochomeka waya amplifaya ikiwa imewashwa huwaumiza wazee na watoto masikio, na huua spika polepole. Uepukeni hivi.

Shusha sauti zote hadi chini. Chomeka nyaya zote. Washa simu au laptopu kwanza, halafu miksa, halafu amplifaya mwisho. Wakati wa kufunga, zima amplifaya kwanza. Kwa kifupi, amplifaya ni ya mwisho kuamka na ya kwanza kulala.

Halafu pandisha sauti ya simu hadi karibu robo tatu. Simu nyingi hutoa onyo kwamba sauti kubwa inaweza kudhuru masikio. Likubali onyo hilo mapema, lisije likakukatiza katikati ya hotuba. Baada ya hapo pandisha sauti ya amplifaya taratibu hadi mtu wa nyuma asikie. Usifanye kinyume, yaani simu ikiwa chini kabisa na amplifaya juu kabisa. Ukifanya hivyo utasikia mvumo na ukwaruzo mwingi kuliko maneno. Taa nyekundu ikiwaka mara kwa mara, punguza. Hiyo taa haisemi kwamba chombo kina nguvu. Inasema sauti inapasuka.

Simu, laptopu, flashi na Bluetooth

Simu inayocheza sauti ya mkutano isiwe simu ya kupokea pesa. Sote tumeshuhudia Wimbo wa Taifa ukisimama katikati, watu wamesimama wima, halafu ikalia simu ya shangazi ya mtu. Weka simu katika hali ya ndege. Hali hiyo huzuia simu kulia, ujumbe wa M-Pesa kupiga kengele, na ule mlio wa "trrr-trrr-trrr" unaoingia kwenye spika simu inapotafuta mtandao. Kwa sababu hiyo, rekodi iwe imehifadhiwa ndani ya simu tangu jana. Usitegemee kuipata kwenye intaneti wakati watu wameshaketi.

Laptopu ina mtego wake. Ukiiunganisha na projekta kwa waya wa HDMI, mara nyingi sauti huhamia kwenye projekta, ambayo ina kispika kidogo cha ofisini au haina kabisa. Fundi anahangaika na amplifaya ilhali sauti haijafika huko. Bonyeza alama ya spika kwenye laptopu uchague sauti itokee kwenye tundu la visikizi. Jambo hilo huchukua sekunde kumi, na kutolijua kumewahi kula saa nzima ya vikao.

Laptopu pia huleta mvumo mzito, "mmmm", hasa chaji ikiwa imechomekwa. Stima yetu ni ya volti 240 na mizunguko 50 kwa sekunde, na mvumo huo ndio mizunguko yenyewe ikipita kwenye waya wa sauti. Kupima ni rahisi: chomoa chaji. Mvumo ukikoma, umejua chanzo. Endesha laptopu kwa betri, au chomeka laptopu na amplifaya kwenye ekstensheni moja badala ya soketi mbili za pande tofauti za ukumbi. Ikishindikana, kuna kisanduku kidogo cha kutenganisha kinachowekwa kwenye waya wa sauti. Lakini naomba sana: usivunje ile pini ndefu ya juu ya plagi, na usikate waya wa athi. Athi ndiyo inayokulinda umeme ukivuja kwenye bati la amplifaya. Kuna watu wanashika maiki kwa mkono ulioloa, na mvua ya Aprili haimpigii mtu hodi.

Flashi ni nzuri kwa sababu haina simu zinazoingia. Itayarishe kwa mfumo wa FAT32, maana spika nyingi hazisomi mifumo mingine, na hifadhi rekodi kama MP3. Yape mafaili majina yanayoanza kwa 01, 02, 03 kufuatana na ratiba. Futa nyimbo nyingine zote. Spika ikimaliza hotuba huanza faili linalofuata bila kuuliza, na hutapenda liwe wimbo wa klabu baada ya maombi.

Bluetooth itumieni pale tu ambapo hakuna waya. Umbali wake wa kuaminika kwa vyombo vingi ni kama mita 10, na umati wa watu huupunguza. Tena, spika nyingi za magurudumu hazidai neno la siri. Kijana yeyote aliyeketi kwenye ngazi za ploti ya jirani anaweza kuingia mkondo wako ukikatika, na mkutano wa bajeti ukageuka disko.

Spika na nyaya zake

Kwa wenye amplifaya za honi, geuzeni chombo muangalie nyuma. Mtaona skrubu zilizoandikwa COM, 4, 8, 16, na pengine 70V na 100V. Spika yenye transfoma huunganishwa COM na 100V. Spika ya kawaida ya omu 8 huunganishwa COM na 8. Usitumie njia zote mbili kwa wakati mmoja.

Kwenye njia ya 100V, jumlisha wati za honi zako. Honi nne za wati 30 ni wati 120. Amplifaya ya wati 120 itakuwa imebeba mzigo wote bila pumzi. Afadhali ya 150. Kwenye omu, spika mbili za omu 8 zilizounganishwa sambamba zinakuwa omu 4, kwa hiyo unahama hadi skrubu ya 4. Ukiongeza mbili zaidi zinakuwa omu 2, na hapo amplifaya nyingi zitapata moto na kuzima, au kuungua. Na msishike skrubu za 100V chombo kikiwa kinalia. Inaweza kupiga kama stima ya ukutani.

Jambo la mwisho kuhusu nyaya: nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi, kwenye kila spika. Ukigeuza moja, spika mbili zinavutana badala ya kusaidiana, na watu wa katikati ndio wanaopata sauti hafifu.

Sauti katika mitaa yetu

Umoja ilijengwa miaka ya 1970 kwa msaada wa fedha za Marekani, ikiwa mtaa wa nyumba ndogo ndogo zilizokusudiwa kuongezwa vyumba polepole. Leo, pale palipokuwa na nyumba fupi pana magorofa yaliyokaribiana, hasa Innercore. Sauti ikitoka kwenye spika moja kubwa inagonga ukuta huu, inarudi, inagonga ule. Neno la kwanza linakutana na la tatu. Kuongeza nguvu kunaongeza mwangwi tu. Tena, ukizidisha wati mara mbili unapata nyongeza ya desibeli 3 pekee, ambayo sikio huitambua kwa shida.

Dawa yake ni kuzisogeza spika karibu na watu. Spika mbili ndogo, moja mbele na moja katikati ya watu, zikiwa na sauti ya wastani, hushinda spika moja ya harusi inayonguruma kutoka jukwaani. Ziinue juu ya vichwa, uzielekeze chini kwa wasikilizaji, siyo kwenye madirisha. Maiki ikae nyuma ya spika, isitazamane nazo. Ikitazamana nazo itapiga mbinja hadi watu wazibe masikio.

Hili la madirisha lina sheria. Jedwali la Nne la Katiba limeipa kaunti jukumu la kudhibiti kelele. Kanuni za kitaifa za kudhibiti kelele za mwaka 2009 zimeweka kiwango cha desibeli 50 mchana nje ya nyumba katika maeneo ya makazi, na desibeli 35 usiku, na usiku huo huanza saa mbili jioni. Mazungumzo ya kawaida ya watu wawili ni kama desibeli 60 kwa umbali wa mita moja. Kwa hiyo mnaona jinsi kiwango kilivyo cha chini. Panga kikao mchana, omba kibali mapema kama unatarajia kuzidi kiwango, na mjulishe jirani mwenye mgonjwa au mtoto mchanga. Kwa mkutano wa hadhara, Sheria ya Utangamano wa Umma inamtaka mwandalizi ampe taarifa mkuu wa kituo cha polisi siku zisizopungua 3 na zisizozidi 14 kabla. Na ukicheza nyimbo za wasanii hadharani, hakimiliki zao zinahitaji leseni, jambo linalosimamiwa na KECOBO.

Wapo pia wakazi ambao sauti haiwasaidii hata ikiwa nzuri namna gani. Kifungu cha 54 cha Katiba kinawapa watu wenye ulemavu haki ya kutumia lugha ya ishara, breli na njia nyingine zinazowafaa. Andaeni mkalimani mapema, mweke mahali penye mwanga, na mgawe karatasi zenye hoja kuu.

Kipimo cha kweli

Kabla ya kikao, mtume mtu mmoja aketi safu ya mwisho. Cheza dakika moja ya rekodi yenyewe, siyo wimbo. Kisha usimwulize, "Unasikia?" Atasema ndiyo, kwa adabu. Mwulize, "Wamesema tarehe ngapi? Wametaja barabara gani? Shilingi ngapi?" Akijibu sawa, anza. Asipojibu, bado hujamaliza kuunganisha.

Na wewe mkazi usiyejua waya wowote, una kazi yako. Usiposikia, inua mkono useme, "Hatusikii huku nyuma." Hakuna kosa hapo wala utovu wa heshima. Omba irudiwe. Isiporudiwa, omba iandikwe kwenye kumbukumbu za kikao kwamba maelezo hayakusikika, kabla hujatia sahihi. Waweza pia kuleta maoni yako kwa maandishi kabla ya tarehe ya mwisho iliyotangazwa.

Zishikeni tarehe hizi, kwa maana ndizo zinazoleta vikao. Mpango wa maendeleo wa mwaka hufikishwa bungeni kufikia tarehe 1 Septemba. Taarifa ya mkakati wa fedha, tarehe 28 Februari. Makadirio ya bajeti, tarehe 30 Aprili. Bajeti yenyewe inapaswa kuidhinishwa kufikia tarehe 30 Juni, kwa sababu mwaka mpya wa fedha unaanza Julai 1. Baada ya hapo, kilichopangwa kimepangwa, na kukibadilisha ni safari ndefu.

Kwa vijana wa vyombo, nawaomba mbebe mfuko mmoja siku ya kikao, na ndani yake muwe na hivi: nyaya mbili za pini na RCA, kiunganishi cha simu isiyo na tundu la visikizi, flashi yenye rekodi, ekstensheni moja nzima, betri za maiki, utepe wa kubandikia nyaya sakafuni mtu asijikwae, na kipaza sauti cha mkono cha betri kwa ajili ya stima kupotea. Fikeni saa moja kabla ya watu.

Kazi yenu haionekani ikifanywa vizuri. Watu hawatawapigia makofi kwa sababu wamesikia. Lakini mama wa Mtindwa atakayesimama na kusema, "Mmesema mtaro utapita hapa, nasi maji yanasimama pale," atakuwa amesimama kwa sababu ninyi mlichomeka waya mahali pake.

Sasa tuviangalie vyombo vyenyewe. Aliye na swali aje nalo, na aliye na waya mbovu aje nao pia.